KUUREJESHEA MWILI NGUVU ZAKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri iliponitaka nizungumze juu ya afya, iliniachia nichague mlango wa kuingilia. Nimechagua jambo moja ambalo kila mmoja wetu aweza kulifanya bila kuuza ng'ombe wala kukopa fedha, nalo ni kuurejeshea mwili nguvu zake kwa kutembea, kwa kukimbia pole pole, na kwa mazoezi ya viungo yafanywayo kwa siku maalum kila juma.

Mmekwisha kusikia taarifa ya Mweka Hazina. Fedha zetu nyingi hutoka kwa njia mbili: kulipia hospitali, na kusafirisha maiti hadi nyumbani. Kazi hizo ni za heshima, na ndizo zilizowafanya waliotutangulia wakaanzisha chama hiki. Lakini tukitazama vizuri ni maradhi gani yatutoayo fedha, tutaona kwamba mara nyingi ni presha, kisukari, kiharusi na moyo. Maradhi hayo hayamshiki mtu siku moja. Humjia kidogo kidogo kwa miaka kumi au ishirini, naye mwenyewe yuko kazini akicheka na watu. Siku yatokeapo hadharani, simu hulia usiku wa manane, na mchango huanza. Basi naona ni haki tuulizane: kabla ya usiku huo, je, hapakuwa na jambo ambalo chama kingeweza kufanya?

Wazazi wetu hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha mazoezi. Kulima kwa jembe, kuchota maji, kupasua kuni, kuchunga mifugo, na kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na mzigo kichwani, hayo yote yalikuwa mazoezi tosha. Sisi tuliohamia mjini tumeacha kazi zile, ila mwili tulionao ni ule ule. Asubuhi twapanda matatu. Mchana kutwa twaketi ofisini, dukani, kwenye usukani au langoni tukilinda mali ya watu. Jioni twapanda matatu tena, kisha twaketi mbele ya televisheni. Chakula nacho kimezidi mafuta na sukari. Mwili hauna habari kwamba mwenyewe amehamia mjini. Waendelea kujiwekea akiba kama kwamba kesho kuna shamba la kulima, na akiba hiyo hugeuka kitambi.

Siwasemi wote. Yuko mama atokaye nyumbani alfajiri kwenda Marikiti kununua mboga, akazibeba na kuzitembeza. Wako vijana wachukuzi na waashi. Hao wamefanya kazi ya kutosha kabla ya saa sita, na hitaji lao kubwa huenda likawa mapumziko na chakula kizuri. Maneno yangu yawahusu hasa sisi tuketio, na walio wengi katika ukumbi huu ni waketio.

Tena, ndugu zangu, kuna jambo moja litudanganyalo sisi Wakenya. Twajiona taifa la wakimbiaji. Ni kweli kwamba Nyandika Maiyoro alishika nafasi ya saba katika mbio za mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, wakati Kenya ilipoingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wilson Kiprugut alituletea nishani ya kwanza kutoka Tokyo mwaka 1964. Naftali Temu na Kipchoge Keino walipata dhahabu Mexico mwaka 1968, na katika siku zetu hizi Eliud Kipchoge amekimbia Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Sifa hizo ni zetu sote. Walakini dhahabu ya Keino haiwezi kumteremshia presha mtu aliyeketi kochini akiitazama. Mguu ufaidikao ni ule uliokwenda mbio.

Sasa niwaeleze mambo mawili yaliyochunguzwa na madaktari, maana wazee hupenda ushahidi kabla ya hukumu.

La kwanza ni la London. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja aitwaye Jerry Morris pamoja na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji ule. Kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyeketi siku nzima, na kondakta aliyepanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia akikusanya nauli. Watu hawa walitoka katika mitaa ya namna moja, wakafanya kazi katika basi moja, katika moshi ule ule. Habari zao zilipochapishwa mwaka 1953, ilionekana kwamba makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Tena walipopatwa, haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Bwana Morris mwenyewe aliyashika aliyoyagundua, akawa mtu wa kukimbia na kuogelea, akafariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

La pili ni la Dallas, Marekani, nalo ndilo linihusulo zaidi leo. Mwaka 1966 vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani majuma matatu mfululizo, ingawa hawakuwa wagonjwa, ili madaktari waone kukaa bure kunafanya nini mwilini. Nguvu ya moyo na pumzi zao katika kazi ngumu ilishuka zaidi ya robo. Mwaka 1996 watu wale wale waliitwa tena. Walikuwa wamefika miaka 50, na uzito wao wa wastani, uliokuwa kama kilo 77, ulikuwa umefika kilo 100. Hata hivyo walipopimwa, ilionekana kwamba miaka 30 ya kuishi ilikuwa imewapunguzia nguvu kidogo kuliko yale majuma matatu ya kitanda! Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita: kutembea, kukimbia pole pole, na kuendesha baiskeli isiyotoka mahali pake. Walianza kwa kiasi kidogo, wakaongezewa taratibu. Mwisho wa miezi sita, nguvu ile iliyopotea kwa miaka 30 ilikuwa imerudi yote, ingawa uzito wao ulipungua kidogo sana.

Naomba tulitafakari jambo hili. Mengi tunayoyaita uzee, kama kuhema kwenye ngazi, kuchoka kabla ya saa nane, au magoti kulegea, sehemu yake kubwa si uzee, ni kuketi. Uzee hauna dawa. Kuketi kuna dawa, na dawa yake haiuzwi dukani. Tena msikate tamaa mizani ikikataa kushuka upesi, kwa maana moyo waweza kupata nguvu mpya kabla ya mshipi wa suruali kulegea.

Najua kuna maneno yanayonong'onwa huko nyuma. Mzee mmoja atasema, "Mtu mzima hakimbii bure, ama anafukuza, ama anafukuzwa." Ni kweli pia kwamba mjini mtu mwenye mvi akionekana mbio barabarani, watu hushika mifuko yao. Mwingine atasema kwamba kitambi ni heshima, na kwamba mtu mwembamba hudhaniwa mgonjwa au fukara. Nawajibu kwa adabu kwamba heshima ya mzee ni kuweza kusimama mwenyewe, kwenda mwenyewe kwenye baraza la ukoo, na kuinama akamwinua mjukuu wake. Akiharibikiwa na upande mmoja wa mwili, watoto wake watamheshimu, ndiyo, lakini watamheshimu wakimlisha kwa kijiko.

Na juu ya aibu, mwamkumbuka Mzee Kimani Maruge. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret, akavaa sare ya shule, akaketi pamoja na watoto wenye umri wa vitukuu vyake. Walikuwako waliomcheka. Leo hatuyakumbuka majina ya waliocheka. Kama mzee yule aliweza kuvaa kaptura kwa ajili ya kujua kusoma, sioni kwa nini sisi tuogope kuvaa raba kwa ajili ya kuishi.

Hata mwanzo wa mbio hizi za pole pole ulikuwa kazi ya chama. Mwaka 1962 huko Auckland, New Zealand, mwalimu wa wakimbiaji aitwaye Arthur Lydiard alikusanya watu wa makamo na wazee, baadhi yao waliowahi kuugua moyo, wakaunda chama cha kukimbia pamoja bila kushindana. Amri yao kuu ilikuwa kwamba mtu akimbie kwa kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzake. Mwishoni mwa mwaka huo aliwatembelea Bill Bowerman, mwalimu mashuhuri wa riadha wa Marekani, aliyekuwa na miaka 51. Alipotoka nao, mzee aliyekwisha pita miaka 70 alimwacha nyuma. Bowerman akarudi kwao akaanzisha madarasa kama hayo, na mwaka 1967 akatoa kitabu pamoja na daktari wa moyo, kilichowafikia watu wengi sana.

Basi mtu aanzeje? Hapa ndipo wengi huharibikiwa, maana hujaribu kurudisha kwa juma moja kilichopotea kwa miaka kumi. Yafaa tujue kwamba viungo vya mwili havirudi kwa mwendo mmoja. Moyo na pumzi hutangulia. Baada ya majuma matatu au manne mtu huhisi mwepesi, akajiona kijana. Lakini mifupa, na zile kano zinazofunga nyama kwenye mfupa, huhitaji miezi. Basi mtu huyo, kwa furaha ya pumzi, huongeza mwendo, na katika juma la tano au la sita kisigino chauma, goti lavimba, naye husema mbio hazimfai. Kumbe mbio hazina kosa, ila pumzi ilitangulia na mguu ulikuwa bado uko njiani. Mwenda pole hajikwai.

Utaratibu ninaoupendekeza ni wa majuma 12. Majuma matatu ya kwanza ni ya kutembea tu, dakika 30, siku nne au tano kwa juma, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini usioweza kuimba. Asiye na nafasi ashuke kwenye matatu vituo viwili kabla ya chake. Kuanzia juma la nne hadi la sita, kwa siku tatu za juma, atembee dakika 4 na kukimbia dakika 1, arudie hivyo mara sita. Juma la saba hadi la tisa, akimbie dakika 2 na kutembea dakika 2, kwa muda ule ule wa nusu saa. Juma la kumi hadi la kumi na mbili, akimbie dakika 5 na kutembea dakika 1, mara tano. Asikimbie siku mbili mfululizo, kwa sababu mwili hujijenga siku ya kupumzika. Juma likimshinda, alirudie, hakuna mtihani. Na mwenye magoti mabovu, au aliyesonga sana katika umri, abaki kwenye kutembea na kupanda kilima, naye atapata faida kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna ya kutembea kwa haraka kila juma, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mzito zaidi kama kukimbia.

Mtu asidhani kwamba kukimbia pole pole ni jambo la wanyonge. Wakimbiaji wetu wakubwa wa Iten na Kaptagat, siku za mazoezi mepesi, huanza asubuhi kwa mwendo ambao hata mpita njia aweza kuufuata. Nguvu huwekewa akiba kwa siku zake. Sisi twaona siku ya mashindano tu, tukadhani kila siku ni hiyo.

Pamoja na hayo, shirika hilo lashauri siku mbili za mazoezi ya nyama za mwili, maana miaka ikisonga nyama hupungua hata kwa mtu atembeaye. Hayahitaji chombo chochote. Keti kitini uinuke bila kushika kitu, mara kumi. Simama mbele ya ukuta, uweke mikono juu yake, ujisukume, mara kumi. Panda kwenye kidato cha ngazi kwa ncha za miguu, uinue na kushusha visigino. Mzee asimame kwa mguu mmoja karibu na meza ya kushikia, kwanza huu kisha huu, ili ajizoeze kutoanguka. Kwani mzee akivunjika nyonga, mara nyingi harudi katika hali yake ya kwanza.

Faida yake ndani ya mwili ni dhahiri. Moyo ni nyama, na nyama ikifanyishwa kazi huongezeka nguvu. Husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo hupiga mara chache mtu anapopumzika. Mishipa hulainika, na presha huteremka kiasi. Nyama za miguu zikifanya kazi huivuta sukari iliyomo katika damu na kuitumia, jambo ambalo lamsaidia sana mwenye kisukari. Lakini nasema wazi kwamba mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mtu asiache vidonge vyake kwa sababu amekimbia juma moja. Wala asidhani kwamba nusu saa ya asubuhi yamruhusu kula sahani mbili usiku.

Kuna maonyo machache. Aliyepita miaka 40 na hajafanya mazoezi kwa muda mrefu, na kila mwenye presha, kisukari au historia ya moyo, aonane na daktari au mwuguzi kwanza. Atumiaye dawa za kushusha sukari achukue kitu kitamu mfukoni, na azitazame nyayo zake kila jioni. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuhema kusiko kwa kawaida ni amri ya kusimama na kwenda hospitali siku ile ile. Mtu asiseme, "Ngoja nimalize mzunguko." Viatu visiwe na soli iliyolika upande mmoja; vya mitumba vyafaa, mradi mnunuzi avikague vizuri. Na akina mama wasiende peke yao gizani.

Neno hilo la mwisho lanileta kwenye ombi langu. Mtu akiwa peke yake huamka siku tatu, siku ya nne mvua ikanyesha, na ya tano akasahau. Sisi tunacho chama. Tumezoea kukutana, kutoa, kuandika na kuulizana. Kwa hiyo nautolea mkutano huu mambo matatu, Bwana Mwenyekiti, ili yafikiriwe.

Kwanza, kila tawi lichague siku moja ya juma, asubuhi, wanachama watembee au wakimbie pamoja mahali palipo salama, na msafara wote ufuate mwendo wa aliye polepole kuliko wote. Hivyo vijana watakuwa karibu na wazee, na akina mama watakuwa na wenzao.

Pili, chama kinunue kipimo cha presha, na kila mkutano uanze kwa kupimana kwa hiari na kwa siri. Presha haina kelele, na wengi wetu hatujui hesabu zetu. Anayekutwa na 140 kwa 90 au zaidi, aelekezwe hospitali apimwe tena na kushauriwa.

Tatu, Mwandishi aandike mahudhurio ya mazoezi kama aandikavyo michango. Asiwepo wa kutozwa faini. Lakini mwanachama akikosa siku tatu, mwenzake ampigie simu amwulize habari. Sisi huulizana sana mtu anapokawia kutoa shilingi. Ni vema tuulizane pia anapokawia kutoka nje.

Nakubali kwamba hata tukifanya haya yote, tutaendelea kuzikana, kwa maana hakuna mbio zimwepushazo mtu na siku yake. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya kufika siku hiyo mtu akiwa ametembea mwenyewe hadi karibu nayo, na kufika baada ya miaka saba ya kubebwa. Miaka hiyo saba ni ya mke au mume wake, ni karo ya watoto wake, na ni mfuko wa chama hiki.

Wazee wangu, naomba mtangulie ninyi. Vijana hawatamcheka mtu wa kukimbia wakimwona mzee wao wa tawi yuko mbele na raba mguuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu twauona kila mwaka katika vitabu vya Mweka Hazina.

Naomba hoja hizi tatu zipate mtu wa kuziunga mkono.